Shika Kaptula: Mzee Mdoe Anaiaga Kengele ya Kwamzindo

Jumamosi hii, tarehe 28 Septemba 1957, Mzee Mdoe bin Sadala, mpiga kengele wa Shamba la Mkonge la Kwamzindo, Korogwe, anastaafu baada ya kulitumikia shamba hili kwa miaka thelathini na moja. Kamati ya sherehe imenipa mimi, karani wa korona, yaani mashine ya kusindika mkonge, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ufupi na kwa adabu. Kwa ufupi nitajitahidi. Kwa adabu sina hakika, maana habari yenyewe ina kaptula ndani yake, na kaptula hiyo tangu mwanzo haikutaka kukaa kiunoni.

Kwa wageni wetu, kengele ninayoisema si ya kanisani wala ya shuleni. Ni kipande cha reli ya toroli, kimening'inizwa kwenye nguzo mbili mbele ya kambi. Kikipigwa alfajiri watu wanaamka. Kikipigwa tena wanatoka kwenda kazini, wakata mkonge kwenye mistari yao na sisi wa mashine kwenye korona. Adhuhuri kinapigwa watu wa palizi waache majembe. Siku ya posho kinapigwa kwa namna ambayo hata mbuzi wa kambini wanajipanga.

Mzee Mdoe ni Mzigua wa Kwamsisi, Handeni. Alifika hapa kwa miguu mwaka 1926, akaanza kwa kukata mkonge kama wengine wote. Kengele wakati ule ilikuwa mikononi mwa bwana mmoja aliyeipiga kama anaigombeza: ngo! ngo! ngo! Watu waliamka wamenuna, wakaenda kazini wamenuna, wakarudi wamenuna. Bwana yule aliporudi kwao, nyapara mkuu Matayo akauliza nani anaweza kuamka kabla ya jogoo. Mdoe akanyoosha mkono. Si kwamba aliipenda kengele, la hasha. Mwenyewe anasema mkonge ulikuwa umemchoma kiasi kwamba hata angeulizwa nani anaweza kulala na fisi, angenyoosha mkono vilevile.

Sasa ndipo mambo yalipoanza. Mdoe alikulia nyumba ambayo mama yake na wake wenzake walikuwa wakitwanga mtama michi mitatu kwenye kinu kimoja, zamu kwa zamu, na mchi haugongi mchi mwenzake. Mlio ule alikuwa nao kichwani. Akagundua kwamba reli ukiigonga ncha inalia kwa sauti nyembamba, ukiigonga katikati inalia kwa sauti nene. Akatafuta vyuma viwili, bolti ya toroli na pini ya behewa, kimoja kila mkono. Asubuhi moja, bila kumwomba mtu ruhusa, akaacha kupiga ngo-ngo-ngo akatwanga mtama.

Jamani! Waliokuwapo wanasema kambi nzima iliketi kitandani kwa pamoja. Kwanza walidhani ni harusi. Halafu mabega yakaanza kwenda yenyewe. Watoto ndio waliousikia mdundo unasema nini, wakawa wanauimba: Uji upo, uji upo, inuka! Na kweli wanaoupiga hata leo wanausikia hivyohivyo. Watu wakaenda kazini wanacheka, na Matayo, ambaye kwa kawaida alikuwa hacheki hata akitekenywa, alionekana akiyatikisa mabega nyuma ya ghala.

Lakini mdundo ule haukuwa kamili. Ulikuwa na pengo, na pengo lile ndilo lililomletea umaarufu wote na matatizo yote. Lilitokana na kaptula. Meneja wa wakati ule, mtu wa tumbo la kuheshimika, alimgawia Mdoe kaptula yake moja ya kaki. Ilikuwa kaptula nzuri, imara, isipokuwa ndani yake wangeweza kuingia akina Mdoe wawili wakabaki na nafasi ya mgeni. Mtu anayekaa katikati ya kamba zote za dunia alikosa kamba ya kufungia kaptula, maana kamba ya mkonge kiunoni inawasha, nani asiyejua? Basi akawa anapiga, anapiga, na kila ikifika kati ya "uji upo" ya pili na "inuka", kaptula inaanza safari. Mkono wa kushoto unashuka mbio kiunoni, na chuma chake mkononi, unaidaka kaptula, unaipandisha, unarudi kwenye reli. Pale mkono ulipokwenda, mlio mmoja ulikosekana. Uji upo, uji upo... kimya kidogo... inuka!

Kimya kile, wallahi, kilikuwa kitamu kuliko milio yote. Mtu ulikuwa ukikisubiri mguu juu. Siku za mapumziko vijana wakauhamishia mdundo kwenye ngoma, na walipofika kwenye pengo, wote kwa pamoja, wanaume kwa wanawake, wakashika kiuno upande wa kushoto. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa ngoma ya Shika Kaptula. Bibi Mwanaidi, mke wake Mdoe, aliicheza kwa khanga mbili, na alipokuwa akishika kiuno pale kwenye pengo, wenzake walikuwa wakisimama kumtazama tu.

Kitu kikiwa kizuri hakikai mahali pamoja. Ng'ambo ya mto kuna jirani zetu wa shamba la Kwesongo. Kengele yao ilikuwa ikipigwa na Bwana Valerian, Mnyamwezi kutoka upande wa Tabora, mtu mrefu, mchangamfu, aliyevaa vizuri. Sifa yake kubwa ilikuwa mkanda wa ngozi wenye bizimu la shaba la kufungia, ambao aliung'arisha kwa majivu kila Jumamosi. Valerian alikuja Kwamzindo kumtembelea ndugu yake, akalala, akaamshwa na mdundo. Akaaga, akavuka mto. Wiki iliyofuata Kwesongo nao wakawa wanaamshwa na Uji upo.

Na si hivyo tu. Aliuchukua pamoja na pengo lake! Aliuchukua hata na mkono wenyewe kwenda kiunoni! Mtu amefunga mkanda wa ngozi, kaptula yake imemkaa kama imeshonewa juu yake, lakini ikifika pale, mkono wa kushoto huo, unashuka unashika kiuno, unarudi. Watu wa Kwesongo walipomuuliza ule mkono kazi yake nini, aliwajibu kwamba hiyo ndiyo mikogo ya Tabora, wasingeelewa. Wakaamini. Mmoja akasema ni ishara ya askari kushika upanga. Mwingine akasema ni maumivu ya kiuno ya wakata mkonge. Wakabishana hadi uji wao ukapoa.

Mdoe alipopata habari hakucheka hata kidogo. Hili lazima nilieleze wazi, maana vijana wa leo mnaona Shika Kaptula ni mali ya kila mtu. Kwake ilimuuma. Hakutaka fedha, wala hakutaka watu wakatazwe kucheza. Alitaka kitu kimoja tu: mdundo ukipigwa popote, ijulikane kwamba umetoka kwa Mdoe wa Kwamzindo. Aliapa mbele ya Mwanaidi kwamba siku ngoma ile itakapoitwa ya mtu mwingine hadharani na yeye yupo, atavitundika vyuma vyake na kurudi Kwamsisi kulima mihogo.

Kwanza alijaribu njia za kikazi. Kwenye mashine yetu ya korona kuna kibati chenye jina la aliyeitengeneza na namba, na fundi wa karakana alishamweleza Mdoe kwamba kibati kile kina maana serikali za Ulaya zimekataza mtu mwingine kuiga mashine hiyo. Mdoe akavaa kanzu, akaenda ofisini kuomba kibati cha mdundo. Bwana Meneja alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwamba vibati vile hupewa vitu vyenye skrubu, na mdundo hauna pa kufungia skrubu. Mdoe akatoka, akaomba rangi nyeupe karakana, akaandika MDOE kwa herufi kubwa juu ya reli. Ikapendeza sana. Tatizo ni kwamba mlio uliruka mto bila kubeba maandishi.

Na mlio wa Kwesongo nao ukaruka kuja kwetu. Hapo ndipo uchungu wa Mdoe ulipogeuka kuwa hatari ya kazi yake. Kwesongo walikuwa wakianza palizi mapema na kuacha mapema. Siku moja, jua bado la asubuhi, Valerian akapiga mdundo wa kuacha kazi, nao ulikuwa wa Mdoe neno kwa neno. Watu wetu wa palizi waliokuwa karibu na mto wakasikia, wakajua kazi imekwisha, wakatupa majembe begani na kwenda nyumbani wakiimba. Bwana Meneja akawakuta kambini wanapika! Akamwita Mdoe. Akamwambia kwamba mambo haya yatengenezwe kabla ya Mwaka Mpya, la sivyo kengele itarudi kwenye ngo-ngo-ngo na atatafutwa mtu wa kuipiga hivyo. Mdoe kupiga ngo-ngo-ngo! Afadhali ungemwambia aende kazini bila nguo.

Basi akamshtaki Valerian kwenye baraza la Manundu. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nikaenda kutazama, na nusu ya shamba ilikwenda. Zumbe, yaani chifu wa pale, aliyekuwa akisikiliza kesi, alikuwa mtu mtaratibu. Alimuuliza Mdoe ameibiwa nini. Mdoe akasema ameibiwa mdundo. Zumbe akauliza kama jioni akirudi Kwamzindo mdundo huo atakuta haupo. Mdoe akakiri kwamba ataukuta. Zumbe akauliza kama umepungua. Mdoe akafikiri, akasema haukupungua, ila umeongezeka mahali ambapo hakuuweka. Baraza likaguna. Zumbe akasema kwamba anayo adhabu ya mbuzi, anayo ya kuku, ya baiskeli anayo, hata ya mke wa mtu anayo, lakini kwa kitu kilichoibwa na bado kipo kwa mwenyewe hajawahi kupewa.

Halafu, kama desturi, akawauliza makabila yao. Mdoe akasema Mzigua. Valerian akasema Mnyamwezi. Lo! Baraza zima likapasuka kwa kicheko, na Zumbe mwenyewe akajifunika uso kwa mkono wa kanzu. Wageni wasiotujua wafahamu kwamba Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutania matanga yako, anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo mbele ya macho yako, na wewe ukikasirika ndiye mkosaji. Mtu hamshtaki mtani wake. Zumbe akaifuta kesi palepale. Akamwambia Mdoe kwamba Valerian amechukua kitani, yaani kwa haki ya utani, basi. Na akamkumbusha Valerian kwamba mlango huo unafunguka pande zote mbili.

Mdoe alitoka barazani amevimba uso. Tulitembea naye, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kusema. Tulipofika karibu na stesheni akasimama. Mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia. Kumbe anacheka! Bibi Mwanaidi alimuuliza kulikoni, yeye akazidi kucheka. Alicheka mpaka kambini, na kwa siku kadhaa ikawa kila akikaa kimya unamwona tu anacheka peke yake, tukaanza kumwonea huruma.

Siku ya Mwaka Mpya wa 1938 kulikuwa na mashindano ya ngoma ya mashamba yote, uwanja wa Manundu. Watu walitoka Kwashemshi juu milimani, walitoka Handeni, walitoka huko kwenye stesheni zote za reli. Kwesongo waliingia wamevaa mashati meupe, wamebeba reli yao kwenye nguzo, na Valerian mbele, mkanda unang'aa mpaka unaumiza macho. Mtangazaji akapaza sauti kwamba sasa mtaiona Ngoma ya Kwesongo, iliyobuniwa na Bwana Valerian mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mwanaidi. Alifumba macho, kwa kuwa alijua kiapo cha mumewe, na mihogo ya Kwamsisi alikuwa ameikimbia mwenyewe.

Valerian akaanza. Tuseme kweli, alikuwa anapiga vizuri, mshenzi yule. Uji upo, uji upo... na wachezaji wote wakashika kiuno... inuka! Uwanja ukapagawa. Ndipo tulipomwona Mdoe. Alikuwa na kanzu nyeupe na kofia ya kufumwa, anakwenda pole pole kama mtu anayekwenda kutoa salamu, na kweli alifika akatoa salamu, akamwuliza Valerian hali ya nyumbani. Valerian, vyuma mikononi, akajibu njema. Mdoe akainama, akafungua bizimu la mkanda, akavuta. Mkanda wote ukatoka kama nyoka kwenye shimo. Akauinua juu, uwanja mzima uuone, akapiga kelele: "Mtani, nimechukua!"

Fikirini taabu ya Valerian. Akiacha kupiga, Kwesongo wameshindwa. Akikasirika, amekasirikia mtani, na Zumbe ameketi pale mbele anatazama. Akaendelea kupiga. Na kaptula yake, ambayo kumbe ilikuwa imekaa vizuri kwa msaada wa mkanda tu, ikaanza safari. Uji upo, ikashuka kidogo. Uji upo, ikashuka tena. Uwanja mzima ukanyoosha shingo. Ikafika kwenye pengo, mkono wa kushoto ukashuka mbio, ukaidaka ikiwa imebaki kidogo sana tuione Tabora yote, ukaipandisha, ukarudi kwenye reli kwa wakati uleule. Inuka!

Kila mtu akaelewa mara moja. Hapakuhitajika karani, hapakuhitajika shahidi. Pengo lile, mkono ule, mikogo ya Tabora, upanga wa askari, maumivu ya kiuno, vyote vilikuwa kaptula! Na wote waliomjua Mdoe walijua ni kaptula ya nani. Bibi Mwanaidi akafumbua macho, akapasua sauti: "Ndivyo anavyopiga mume wangu kila siku ya Mungu! Niulizeni mimi ninayeishona!" Vicheko vilivyofuata, sijawahi kuvisikia tena maishani. Wakinamama walikaa chini. Mtangazaji aliangusha kipaza sauti chake cha bati. Wapiga ngoma wa Kwesongo walikuwa wanapiga na kulia machozi.

Na hapa nataka kumsifu Bwana Valerian, kwa sababu angeweza kununa na hakununa. Alimaliza ngoma mpaka mwisho, mkono mmoja kwa reli na mmoja kwa kaptula, kisha akageukia watu akasema kwa sauti kubwa kwamba mdundo huu ni wa mtani wake Mdoe wa Kwamzindo, yeye ameuiba tu, na atauiba tena kesho asubuhi. Mdoe akamkumbatia, kwa uangalifu, maana mikono ya Valerian yote ilikuwa kazini. Waamuzi wakawapa Kwesongo ushindi na ng'ombe, kwa kuwa kwa kweli walicheza kuliko wote. Mdoe hakujali ng'ombe. Jina lake lilikuwa limetangazwa Manundu, na Valerian alileta paja zima la ng'ombe yule nyumbani kwa Mwanaidi.

Siku hiyohiyo watani wakapatana juu ya ile balaa ya palizi. Valerian akaongeza mlio wa filimbi mwishoni mwa mdundo wake, ili anayesikia filimbi ajue ni Kwesongo, na asiyesikia ajue ni Kwamzindo. Bwana Meneja akaridhika. Baada ya muda Mdoe akaona mkia ule wa filimbi ni mtamu, akauiba kitani, akautumia kwenye mdundo wa posho. Valerian akaiba ule wa posho akaufanya wa mvua. Mdoe akaiba wa mvua, akaugeuza nyuma mbele. Ikawa hawa wawili wanaibiana mfululizo mwaka hadi mwaka, na mashamba mengine yanawaibia wote wawili, na kila anayeiba anaongeza chumvi yake. Kama kila mdundo ungekuwa na kibati na skrubu zake, nadhani mpaka leo tungekuwa tunaamshwa na ngo-ngo-ngo.

Kuhusu mkanda, Mdoe aliuvaa. Na siku ya kwanza alipouvaa mkono wake wa kushoto ukawa huru, akaona sasa ni nafasi ya kuusahihisha mdundo, kuujaza ule mlio uliokosekana. Akaujaza. Balaa tupu! Watu walitoka nje hawaelewi ni saa ngapi. Wengine walirudi kulala. Matayo alisema mguu wake ulibaki hewani ukasubiri, haukuambiwa ushuke. Mwanaidi akamwambia mumewe aache ujuaji. Basi Mzee Mdoe akarudisha pengo, na kwa miaka kumi na tisa iliyofuata tumemwona kila alfajiri akiwa na mkanda wa ngozi imara, akipeleka mkono kuidaka kaptula ambayo haiendi popote.

Kuna kisa kimoja anakipenda mwenyewe kuliko vyote, na ameniomba kisikose. Alikwenda Handeni kwenye harusi ya mpwa wake, akakuta Shika Kaptula inachezwa kwa namna ambayo hajaiona: wakifika kwenye pengo, wakishika kiuno wanazunguka. Akaingia kucheza. Mama mmoja, mfanyabiashara, akamsogeza pembeni akamwambia kwa upole kwamba baba, unakosea, ngoma hii ni ya hapahapa Handeni, aliibuni babu yangu, hebu nikufundishe. Watu wa Kwamsisi waliokuwapo walitaka kumvamia yule mama. Mdoe akawazuia kwa jicho. Akasimama mbele ya yule mama kama mwanafunzi, akafundishwa Shika Kaptula hatua kwa hatua, akashukuru. Aliporudi alituonyesha ule mzunguko huku akisema kwamba mdundo wake umepata wajukuu na hata hawamjui, na alisema kwa furaha kabisa, machozi yakimlengalenga. Kesho yake asubuhi aliuingiza mzunguko ule kwenye kengele. Msiniulize vipi, lakini tulipoamka tulijikuta tunageuka.

Leo mdundo huo unapigwa kwa nyundo kwenye magurudumu ya gari moshi pale stesheni ya Korogwe. Wachukuzi wanaoteremka kutoka Kwashemshi wanapumua kwa kuufuata. Watoto wanaupiga kwa vijiko mpaka mama zao wanaomba amani. Wengi wao hawajui Kwamzindo iko wapi, na Mzee Mdoe akiambiwa hivyo siku hizi anacheka tu.

Fundi wa karakana, akikumbuka ile habari ya zamani, alitaka kumzawadia kibati cha shaba chenye jina lake, kifungwe juu ya reli kwa skrubu, pale rangi nyeupe ilipofutika. Kibati kilikuwa tayari, kimeng'arishwa, herufi zimechongwa vizuri. Mzee Mdoe alikishika, akakitazama kwa muda, akafurahi kama mtoto. Kisha akauliza kama kinaweza kukatwa na kupindwa kuwa bizimu la mkanda, maana lile la Valerian limekwisha kwa kulika, na si vizuri kumrudishia mtu mkanda wake ukiwa mbovu.

Kwa hiyo leo, mbele yenu wote, mara tu wasifu huu utakapokwisha kusomwa, Mzee Mdoe atauvua mkanda alioutwaa Manundu na kuufunga kwa mikono yake kiunoni mwa Bwana Valerian, ambaye amevuka mto kuja kufurahi nasi. Jina la Mdoe litakaa tumboni kwa mtani wake. Baada ya hapo Mzee na Bibi Mwanaidi watapanda lori kwenda Handeni, na Mzee, kwa hiari yake, amevaa ileile kaptula ya kaki, yenye viraka vya Mwanaidi mbele na nyuma, bila mkanda, bila kamba.

Tunamshukuru Mzee Mdoe kwa kila alfajiri aliyotuamsha tukicheka. Tunamshukuru Bibi Mwanaidi kwa uzi na sindano. Bwana Laurenti, anayeshika vyuma kuanzia leo, ameulizwa na kila mtu kama atalijaza pengo, na amejibu kwamba yeye si mwendawazimu. Lori litakapoondoka, Laurenti atapiga, Kwesongo watajibu kwa filimbi, na mashamba yote yenye reli hadi njia panda ya Handeni yamekubali kupokezana. Likifika lile pengo, tumepatana kwamba sote tutashika viuno, Bwana Meneja pia, tuwe kimya, tumwachie mwenyewe nafasi yake.

Nenda salama, Mzee wetu. Mihogo ya Kwamsisi ikukaribishe, wajukuu wakutulie, na afya yako iwe imara kama reli. Maisha yawe mema kwako na kwa Bibi. Tutakapofika kwenye kimya kile, wewe uko juu ya lori, barabara ya Handeni ina mashimo, na sisi hatutakuwa karibu. Tafadhali, Mzee, shika kaptula.